Friji Iliyomsingizia Bibi

Kila asubuhi kambi nzima ilimsikia Bi Greda akianza kazi. Greda ni mtambo mkubwa wenye kisu kirefu cha chuma tumboni. Kisu hicho husawazisha udongo wa barabara mpya. Waendeshaji wengine waliukwaruza udongo. Bi Greda aliunyoa. Jina lake la nyumbani lilikuwa jingine, lakini hata mume wake alikuwa amelisahau, au alijifanya amelisahau.

Watu wa barabara hawana mtaa. Barabara ikisonga mbele, na kambi inasonga. Kwa hiyo Bi Greda na mume wake waliishi katika trela, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu, inayovutwa na gari. Watoto wao walikuwa shule ya bweni. Ndani ya trela kulikuwa na kitanda chao, meza ya cherehani, jiko la gesi na friji. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Alishona zile fulana zinazong'aa za wafanyakazi wa barabarani. Nyuma ya pazia, pembeni kabisa ya friji, kulikuwa na kitanda chembamba cha Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Bi Greda. Alikuja kutembea, akanogewa, akabaki. Akishamaliza chai alikaa nje chini ya turubai, akavaa miwani, akatazama kazi. Mtu akipita, hata kama ana haraka, alisimamishwa.

"Unaiona ile mashine ya manjano?" Bibi aliuliza. "Anayeiendesha nilimzaa mimi."

Kambi nzima ilikuwa imeshaambiwa hivyo. Wengine walipita tu ili waambiwe tena.

Bi Greda alikuwa na imani moja kuhusu maji. Maji yakisimama juu ya barabara, barabara inakufa. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe na mteremko. Kila walipohamia kambi mpya, alichimba kidogo chini ya magurudumu ya upande mmoja, trela likainama. Maji ya sinki yakatoka mbio. Ndani, rili za uzi nazo zikatoka mbio.

"Mke wangu, leo nimefukuza rili mpaka mlangoni," mume wake alilalamika.

"Afadhali kufukuza rili kuliko kulala kwenye dimbwi," alijibu Bi Greda. Hapo mazungumzo yalikwisha, maana nani angebishana na Bi Greda habari za mteremko?

Katika kambi hii walikaa muda mrefu, kwa sababu kulikuwa na daraja la kujengwa. Trela likakaa pale pale, limeinama vile vile.

Siku moja fundi cherehani alikuwa anashona peke yake. Pua yake ikashtuka. Ilikuwa harufu ya mkojo uliolala. Ilitoka nyuma ya pazia, kwenye kona ya Bibi.

Wewe ungemwambia nini mama mkwe wako? Alichukua shuka za Bibi akazifua, akatoa godoro nje.

"Jua la leo zuri sana, Mama," alisema. "Nimeona tulianike kidogo."

"Asante, mkwe wangu. Mungu akuzidishie," alijibu Bibi.

Kesho yake harufu ikarudi. Akafua tena. Ikarudi tena, kali zaidi. Maziwa nayo yakaanza kuchacha ndani ya friji. Bi Greda alisema ni joto la msimu. Macho ya Bibi yakawa mekundu, yanatoa machozi. Wakasema ni uzee. Mtu mzima akiwa ndani ya nyumba, kila kitu ni uzee!

Hatimaye mume na mke walizungumza nje, nyuma ya trela, kwa kunong'ona.

"Mama amezeeka," alisema Bi Greda. "Nadhani sasa hajizuii. Tumnunulie nepi za watu wazima?"

"Sawa, lakini nani atamwambia?"

"Wewe ndiye unashinda naye."

"Na wewe ndiye mwanawe!"

Ukuta wa trela ni mwembamba, na masikio ya Bibi yalikuwa mazima kuliko walivyofikiri. Alisikia yote. Akapeleka mkono kwenye shuka lake. Lilikuwa kavu. Akanusa. Harufu ilikuwepo. Akapapasa tena, akanusa tena, na moyo wake ukaanza kumshuku yeye mwenyewe. Alikuwa ameishi maisha yake yote akiwa msafi, mwenye kujiheshimu. Sasa hakujua tena kama anaweza kuuamini mwili wake. Aliona aibu mpaka akakosa hamu ya kula.

Mchana huo Bibi hakukaa chini ya turubai. Alimpigia simu mwanawe wa kiume aliyekaa mjini.

"Njoo unichukue Jumamosi," alisema. "Nimechoka na vumbi."

Bi Greda aliporudi alimkuta mama yake anakunja nguo.

"Mama, kulikoni? Tumekukosea?"

"Hamna kosa. Mgeni naye ana kwao."

"Wewe si mgeni hapa!"

Bibi akaendelea kukunja nguo. Kesho yake Bi Greda alisawazisha kipande cha barabara, akashuka kukitazama. Kilikuwa kimepinda. Ilibidi akirudie, jambo ambalo wenzake hawakuwahi kuliona. Hakutaka mama yake aondoke. Lakini hakujua la kumwambia, kwa sababu lile la kweli alikuwa amelisema nyuma ya ukuta.

Siku hiyo hiyo kulifika kambini mgeni mwenye kelele na sanduku la vifaa. Alikuwa dada mdogo wa fundi cherehani, yaani wifi yake Bi Greda. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na viyoyozi vya mitambo. Alikuwa amehamishwa kutoka kambi nyingine. Saa ya chakula cha mchana alikuja kusalimia.

"Hodi hodi! Wifi, nimekuja kula, sikuja kukuona wewe!"

"Karibu, mlafi," alijibu Bi Greda. Alikuwa anataka kuwasha jiko achemshe chai. Kaka mtu alikuwa kwenye cherehani. Bibi alikuwa amelala nyuma ya pazia.

Wifi akaweka mguu mmoja ndani. Akasimama. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Wifi, weka kiberiti chini," alisema. "Usiwashe kitu. Tokeni nje wote. Sasa hivi."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu nje! Tokeni!"

Bi Greda alikimbilia nyuma ya pazia kumwinua mama yake. Bibi akamshika mkono, akakohoa.

"Msihangaike," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Harufu ni yangu. Mwambieni mwenzenu asiogope."

Bi Greda alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," alisema wifi, "harufu hii si ya mtu. Hii ni ya friji. Njoo nje, itakuumiza."

Walimtoa Bibi, wakamkalisha mbali, upande ambao upepo haukutokea kwenye trela. Wifi aliacha mlango wazi, akafungua madirisha. Akazunguka nje akafunga koki ya mtungi wa gesi. Kisha akachomoa waya wa umeme pale ulipoungwa nje. Hakugusa swichi yoyote ya ndani. Halafu akaleta maji safi mengi, wakamsafisha Bibi macho. Wakampeleka kwa muuguzi wa kambi. Muuguzi alisikiliza kifua, akasema ni salama.

"Lakini mngechelewa ingekuwa hadithi nyingine," alisema muuguzi. "Hewa hii inaunguza macho na mapafu. Mtu akianza kupumua kwa shida, msisubiri. Mleteni mbio."

Walisubiri mpaka trela likapata hewa vizuri. Wifi akavaa miwani ya kazi, barakoa na glavu. Nyuma ya friji, kwa upande wa nje, kuna kidirisha cha chuma cha kupitisha hewa. Akakifungua.

"Njooni muone. Msiguse."

Ndani kulikuwa na mabomba meusi. Kwenye kona ya bomba moja kulikuwa na unga wa manjano uliogandamana.

"Hapa ndipo panapovuja," alisema wifi. "Ndani ya mabomba haya kuna maji yaliyochanganywa na amonia. Amonia ndiyo inayoleta ubaridi. Inanuka kama mkojo, ndiyo maana inasingizia watu. Na huu unga ni dawa ya kuzuia kutu iliyotoka pamoja na maji. Ni sumu. Usiushike, usiufagie, usiupulize. Ukikugusa, nawa kwa sabuni na maji mengi."

Bibi aliinuka kwenye kiti.

"Rudia hapo," alisema. "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, Mama. Tangu mwanzo si wewe."

Bibi alinyoosha mgongo. Akafuta miwani yake, akaivaa, akamtazama binti yake, kisha mkwe wake.

"Mlinidhania mimi," alisema.

Bi Greda alipiga magoti mbele ya mama yake. Fundi cherehani aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama," alisema Bi Greda. "Nilikusema nyuma ya ukuta. Nilipaswa kukuuliza."

"Ungeniuliza, ningekwambia kwamba shuka langu ni kavu," alisema Bibi. "Ningekwambia na macho yananiwasha nikiwa ndani, nikitoka yanapoa. Tungejua mapema. Fumbo mfumbie mjinga, mwanangu. Mimi nilisikia yote."

"Na mimi nimefua shuka safi wiki nzima!" alisema fundi cherehani.

Bibi alijaribu kukaza uso. Akashindwa, akacheka. Basi na wengine wakapata ruhusa ya kucheka.

Fundi cherehani alitaka kulimaliza jambo haraka.

"Kuna kijana wa kuchomelea pale karakana. Aje azibe tundu."

"Kaka, hata kidogo!" alisema wifi. "Ndani kuna gesi nyingine inayowaka, na imebanwa kwa nguvu. Ukiweka moto hapo, trela litaruka na wewe. Tusichomelee, tusitoboe, tusipake gundi."

"Basi tuongeze hiyo amonia?"

"Haijazwi kama tairi. Kiwanda kimeifunga moja kwa moja. Tunatoa mabomba yote ya nyuma, tunaweka mapya. Sanduku la friji lenyewe ni zima, linabaki. Na chakula kilichokuwa ndani, kitupeni. Msiseme kichemshwe."

Wifi alitoa kifaa chake kidogo cha pimamaji. Ni kijiti chenye kichupa cha maji na kiputo cha hewa. Kiputo kikikaa katikati, mahali pamelala sawa. Alikiweka kwenye sakafu ya friji. Kiputo kilikimbia mpaka mwisho.

"Nani alilipaki trela hili?"

Fundi cherehani akatazama mawingu.

"Mimi," alisema Bi Greda. "Na nimefanya makusudi. Kitu kisicho na mteremko kinatuamisha maji."

"Basi umeiua friji, wifi yangu."

"Friji na mteremko wapi na wapi?"

"Nisikilize. Friji ya nyumba ya kawaida ina mota ya kusukuma. Hii haina. Moto wa gesi au umeme unachemsha yale maji. Mvuke wa amonia unapanda juu. Ukifika juu unapoa, unakuwa maji, unateremka wenyewe. Ukiteremka unabeba joto la chakula chako. Hakuna anayeusukuma. Unategemea mabomba yakae sawa tu."

"Na yakiinama?"

"Maji yanakwama kwenye kona. Hayarudi kule chini kwenye moto. Moto unaendelea kuchoma bomba lililokauka. Ile dawa ya kutu inaganda ndani. Bomba linachoka, mwishowe linatoboka. Trela likiwa safarini si neno, maana linatikisika na maji yanatembea. Ubaya ni kusimama limeinama, siku baada ya siku, friji inawaka."

Bi Greda alikunja mikono. Mtu aliyesawazisha barabara nzima alikuwa anaambiwa nyumba yake imepinda. Ilimuuma, na ilionekana.

"Mvua ikinyesha je?" aliuliza. "Paa litakusanya maji."

"Hebu panda ulitazame hilo paa."

Bi Greda akapanda ngazi. Paa la trela lilikuwa limeinuka kidogo katikati, na kushuka pande zote mbili. Lilikuwa na mgongo, kama barabara iliyojengwa vizuri. Alikaa juu ya ngazi kwa muda.

"Aliyelitengeneza anajua kazi," alisema aliposhuka.

"Mganga hajigangi, wifi," alisema mwenzake.

"Nyamaza. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali. Sasa niambie friji inataka nini, na mimi nitaipa."

"Inataka sakafu iliyolala sawa. Mbele na nyuma, kulia na kushoto."

"Hiyo tu? Hiyo ndiyo kazi yangu!"

Asubuhi yake, kabla ya kazi, Bi Greda alimwomba msimamizi ruhusa, akaleta greda. Trela lilivutwa pembeni. Alimwaga kifusi, akakisambaza, akakishindilia. Alitengeneza jukwaa la udongo lililoinuka kidogo. Juu lilikuwa bapa kama meza. Pembeni liliteremka pande zote, na chini alikata mtaro wa kupeleka maji mbali. Mteremko ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa kwenye ardhi, nje ya nyumba. Maji ya sinki aliyapitisha kwenye bomba refu mpaka mtaroni.

Bibi alirudi chini ya turubai. Safari hii hakukaa. Alisimama muda wote.

Trela lilipopanda juu ya jukwaa, Bi Greda mwenyewe aliweka pimamaji ndani ya friji. Aliweka kwa urefu, kiputo kikatulia katikati. Akaweka kwa upana. Kikatulia katikati.

"Shahada ya friji umepata," alisema wifi.

Mabomba mapya yalipofika, wifi aliyafunga. Ya zamani aliyafungia kwenye mfuko mzito, akayaandikia SUMU, akayapeleka kwa wanaokusanya taka za hatari. Friji za aina hii haziharakishi. Iliwashwa mchana, na asubuhi kulikuwa na barafu. Bibi ndiye aliyefungua mlango. Aliinamisha kichwa, akanusa mpaka ndani kabisa.

"Hainuki," alitangaza, kwa sauti ya hakimu.

Habari haikai mahali pamoja kambini. Msimamizi alikuja akalitazama lile jukwaa, akalizunguka, akalikanyaga kwa kiatu. Akaomba matrela yote yenye friji kama hiyo yatengenezewe vile vile. Wifi alikagua mabomba nyuma ya kila friji. Bi Greda akasawazisha chini. Kwa jirani mmoja, mpishi wa kambi, walikuta trela limeinama na maziwa hayapoi, lakini bomba lilikuwa bado zima. Waliwahi. Mpishi aliwashukuru mpaka wakaona haya, kisha akawapakulia mpaka wakashindwa kusimama.

Jumamosi gari liliingia kambini. Kaka yake Bi Greda alishuka, amechoka na safari.

"Mama, uko tayari?"

"Tayari kwa nini?" aliuliza Bibi.

"Si ulinipigia simu? Ulisema umechoka na vumbi."

"Nilichoka kushukiwa. Na vumbi sina ugomvi."

Kaka mtu akageuka, uso umebadilika.

"Nani alikushuku, Mama?"

Bibi alimtazama binti yake. Angeweza kusema, na ingekuwa haki yake.

"Friji," alisema Bibi.

"Friji?"

"Ilinisingizia jambo. Imeshatengenezwa. Kaa upumzike."

Bi Greda angeweza kuliacha hapo. Mama yake alikuwa amemfichia aibu yake mbele ya kaka yake. Lakini alisogea mbele.

"Si friji peke yake, kaka," alisema. "Ni mimi. Nilinusa harufu, nikamdhania Mama, na sikumuuliza. Nimemwomba radhi, na wewe nakuambia ujue."

Kaka mtu akaomba kuonyeshwa, na Bi Greda akamwonyesha yote: mabomba, pimamaji, jukwaa, mtaro. Bibi alifuata nyuma, akimsahihisha kila aliposahau kitu.

"Mwambie na ya paa!" alisema.

Walikula pamoja. Wakanywa maji baridi. Jioni Bibi alimpa mwanawe kikombe cha maji baridi ya njiani, kimejaa, hakina kifuniko. Kaka mtu akaondoka peke yake, na gari likashika barabara mpya kuelekea mjini. Bibi alisimama kulitazama, mkwe wake pembeni. Gari lilienda kasi, likanyooka, halikurukaruka mahali popote, mpaka likapotea kabisa.

"Umeona?" Bibi alimwambia mkwe wake. "Hajamwaga hata tone la yale maji niliyompa."